Mawese kwenye Brauni ya Tisa

Jumatatu, 11 Juni 1956. Mbeya.

Ta. Basi. Kavu na safi, kama mtu amevunja kijiti mahali pasipo na upepo. Niliisikia mara ya kwanza mwaka juzi, nilipokuja likizo na kusimama nyuma ya ua wa uwanja wa gofu. Tangu hapo haijatoka kichwani. Imenifuata kwenye mtihani wa hesabu. Imenifuata kanisani, katikati ya Baba Yetu. Ni sauti ya mpira uliopigwa sawasawa, na sijapata kuitoa mimi hata mara moja.

Leo nimeisikia tena, uani kwetu. Mpigaji: Tusekile.

Tusekile ni binti wa Baba mdogo Yotamu. Ana miaka kumi na sita, ameishia darasa la nne. Mimi nina ishirini, nimemaliza chuo cha ualimu, cheti changu kina muhuri mwekundu. Yeye akipiga, mpira huondoka. Mimi nikipiga, huondoka udongo.

Nakaa hapa mpaka Agosti, shule yangu ya kwanza itakapofunguliwa. Baba mdogo ni mkuu wa watunza uwanja wa Klabu ya Wazungu. Nilipotoka kwetu Kyela mama alinipa debe la mawese nimletee Mama mdogo Marta. Kyela watu wanalala bila shuka. Huku asubuhi nyasi ni nyeupe na pua yangu siihisi.

Habari kubwa: tangazo mlangoni mwa klabu. Mashindano ya mashimo tisa, tarehe 14 Julai, kwa wafanyakazi wote wa uwanja na jamaa wa nyumbani mwao. Mshindi, yaani atakayemaliza kwa mapigo machache zaidi, atapewa mfuko wenye fimbo sita za kweli, na atapelekwa Iringa kushindana na mshindi wa huko. Sisi nyumbani tuna fimbo moja, imefungwa waya shingoni, mimi na Tusekile tunapokezana.

Nimelisoma mara tatu. Jamaa wa nyumbani mwao. Mimi ni jamaa. Nalala nyumbani. Nitashinda, na nitaisikia ile sauti ikitoka mkononi mwangu kabla sijaanza kunuka chaki.

Jumatano, 13 Juni

Lutengano amekasirika. Huyu ni kedi, yaani hubeba mifuko ya wachezaji, na ndiye bingwa wa mwaka jana. Tangu ashinde, hushusha ukosi wa koti wakati wa kulala tu. Alikwenda kwa Bwana Hollis, katibu wa klabu, kulalamika kwamba wanawake wameandikisha majina. Bwana Hollis alilisoma tangazo lake mwenyewe, akalisoma tena, kama mtu aliyenunua mbuzi na sasa anamhesabu miguu. Akasema kilichobandikwa kimebandikwa.

Lutengano akapita kwetu kututakia heri. "Haya, dada zangu, njooni. Mtatubebea maji."

"Tutakubebea, kaka," Tusekile akajibu, hakuacha kufagia. "Utayahitaji. Kulia kunakausha koo."

Mimi pia nilipata jibu zuri sana. Lilikuja saa nne baadaye, jikoni, nikichambua maharage. Nimeliandika hapa. Nimelisoma. Nimelikata.

Jumamosi, 23 Juni

Nimepata kitabu cha gofu kwenye takataka za klabu. Kiingereza. Hakina mwanzo, kinaanza ukurasa wa thelathini na moja kwa maneno "kwa hiyo". Hainizuii. Nimejumlisha mambo kumi na manne ambayo mpigaji lazima ayakumbuke kwa wakati mmoja: kidevu, kidole gumba, goti la kushoto, na mengineyo. Nimeyakariri yote. Leo nilisimama uani nikayapitia moja moja. Nilipofika la tisa mguu ukashikwa na mkakamao, Mama mdogo akaja kunisugua.

Tusekile hana mbinu. Nasema hivi kwa huruma. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, huokota kikapu cha ndulele, yale matunda ya manjano ya porini yanayolingana na mpira, akayapiga moja baada ya jingine kwenye ukuta wa banda la ng'ombe. Mpaka kikapu kiishe. Ukuta umekuwa wa manjano. Kisha huchukua mpira wetu mmoja, akausukuma taratibu kwenye kopo alilolifukia uani. Mara ishirini. Ua wetu saa hiyo umekakamaa kwa baridi, mgumu kama sakafu ya kanisa, na mpira hukimbia. Mara ya kwanza ulikwenda mpaka kwa jirani. Sasa huugusa kidogo tu, kama anayeamsha mtoto, nao huenda kopo lilipo.

Kila siku. Hata siku ya mafua. Nilimwambia kwamba kurudia kitu kimoja bila nadharia ni kupoteza wakati. Akaniuliza kama nimemaliza na fimbo.

Jumanne, 26 Juni

Mpango wa kwanza. Kitabu kinasema adui wa mchezaji ni mawazo yake mwenyewe. Kwa hiyo nilimngoja Lutengano kando ya uwanja, nikamsalimia kwa adabu, nikamwuliza swali la mwanafunzi: akipiga mpira, huvuta pumzi au huitoa?

Akavuta pumzi kujaribu. Akaitoa. Akasema atanijibu.

Mchana wote nilimwona akijaribu mipira yake. Mmoja kichakani. Mmoja mtoni. Mmoja nyuma yake, jambo ambalo sikujua linawezekana. Uso wake ulikuwa umevimba. Nadhani hakuwa akivuta wala kutoa. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumapili, 1 Julai

Lutengano amepona. Alilala, akasahau swali. Ni mtu mwenye bahati. Kichwani mwake vitu havikai.

Ugonjwa umenihamia mimi. Sasa sijui mimi huvuta pumzi au huitoa. Siwezi kupiga. Leo kanisani sikuweza hata kuimba. Nilifika katikati ya ubeti wa pili nikaanza kujiuliza, nikapaliwa. Mama mdogo akanipiga mgongoni mbele ya mchungaji.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Adhuhuri, nikitoka na mawese ya kupikia, kutoka debe linalokaa kando ya moto jikoni, yalinimwagikia kwenye mchanga wa uani. Tusekile alikuwa anasukuma mpira. Mpira ukafika kwenye mchanga wenye mawese, ukasimama pale pale. Ukakataa.

Nimeshika moyo wangu kwa mikono miwili. Nitaeleza, ingawa ninajua mwenyewe. Huku Mbeya mashimo ya gofu hayakuzungukwa na majani laini. Yamezungukwa na mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Duara hilo la mchanga wanaliita brauni. Mpira ukishafika kwenye brauni, mchezaji anaburuta ubao kulainisha njia mpaka shimoni, kisha anausukuma mpira. Mtunza brauni ni nani? Baba mdogo. Mlainishaji wake ni nani? Tusekile. Na nani anaweza kujitolea kumsaidia Tusekile, kwa upendo wa ndugu, jioni ya kuamkia mashindano?

Jumatano, 4 Julai

Majaribio. Nimechanganya mchanga na mawese ndani ya sanduku na kulianika juani. Saa nane mchana nimejaribu mara kumi na mbili. Pigo la kawaida: mpira unakwenda shibiri mbili, unasimama. Pigo la nguvu mara tatu: unafika. Nimechora hata jedwali.

Hesabu ni hii. Nitaitia mawese brauni ya tisa tu, ya mwisho. Wote watasukuma kama kawaida, wasukume tena, na tena. Mimi peke yangu nitajua: nguvu mara tatu. Hata nikifika pale niko nyuma kwa mapigo kumi, nitawapita.

Mama mdogo Marta amegundua debe limepungua. Anamshuku paka. Paka ameninyamazia, lakini ananitazama.

Ijumaa, 13 Julai

Nimefanya. Nilipasha mawese motoni ili yapenye mchangani upesi, nikayabeba kwenye birika la chai, saa kumi jioni, jua likiwa bado zuri. Nilimwambia Tusekile akapumzike, nitaimalizia brauni ya tisa mimi. Rangi ya mawese ilipotea kabisa kwenye ule mchanga mweusi. Nilijaribu mpira: unasimama kama ng'ombe mbele ya daraja. Kamili.

Jambo moja lilinisumbua. Tusekile alinishukuru. Alisema, "Dada, Mungu akubariki, mgongo ulikuwa unaniuma," akaniachia fimbo nipige ndulele kumi za mwisho. Sikuzipiga. Nilikaa chini nikaitazama mikono yake jinsi ilivyochubuka, nikafikiri kwamba pengine nimwambie. Nilifikiri kwa muda mrefu. Nilifikiri vizuri sana, nikaona kwamba mtu anayeweza kufikiri hivi hana moyo mbaya, nikajisikia nafuu. Nikaenda kula.

Jumamosi, 14 Julai

Niandike kwa utulivu.

Tulianza saa moja na nusu asubuhi. Baridi kali, nyasi nyeupe, Lutengano akitoa moshi mdomoni bila sigara. Klabu ilituazima fimbo. Watu kumi na wawili. Sitaandika mashimo yangu manane ya kwanza. Inatosha kusema kwamba nilikumbuka mambo kumi na manne kila mara, na kwamba kwenye la tano nilipiga nyasi mara nne na koti la Bwana Hollis mara moja.

Tulipofika la tisa Lutengano alikuwa mbele. Tusekile alikuwa nyuma yake kwa pigo moja. Mimi nilikuwa nyuma yao kwa mapigo kumi na manane. Jedwali lilikuwa limeruhusu kumi. Bado sikukata tamaa. Jua lilikuwa halijaifikia brauni ya tisa. Iko kivulini mwa mikaratusi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mbwa wa Bwana Hollis. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye brauni, anailamba. Walimfukuza. Akarudi. Walimfunga.

Kitu cha pili: ubao wa kulainisha ulipovutwa, ulilia. Mchanga hauna haja ya kulia.

Lutengano akasukuma. Kama kawaida, kama nilivyopanga. Mpira ulitereza, ukapita shimo, ukavuka brauni yote, ukaingia majanini. Akaurudisha. Ukapita upande wa pili. Alikwenda na kurudi mpaka pigo la saba ndipo ukaingia, na kila mara ukosi wa koti ulishuka kidogo.

Ndipo nilipoelewa. Kyela sijapata kuona mawese yakiganda. Kyela hata mshumaa haukai wima. Huku Mbeya, usiku mmoja wa Julai, brauni yangu ilikuwa imekuwa kipande cha sabuni.

Tusekile alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya mchanga. Akanitazama, si kwa ubaya, akitabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na jirani safarini. Ulikuwa ua wetu. Ulikuwa ua wetu wa saa kumi na mbili asubuhi, na kopo lililofukiwa. Akaugusa mpira kama anayeamsha mtoto. Ukaenda, ukaenda, ukafika ukingoni mwa shimo ukapumzika. Akaugusa tena. Ndani.

Zamu yangu. Nilijua ukweli wote, naapa. Lakini mikono yangu ilikuwa imejifunza nguvu mara tatu juu ya lile sanduku, na mikono haikusikia. Mpira ulipaa juu ya brauni, ukawapita makedi, ukapasua kikombe cha chai cha Bibi Hollis kwenye baraza.

Tusekile amemshinda Lutengano kwa mapigo manne. Mimi ni wa kumi na mbili. Makedi walimbeba begani. Mama mdogo alipiga vigelegele mpaka farasi wa klabu wakakata kamba. Nami nilipiga vigelegele. Nilijikuta tu ninapiga.

Jumapili, 15 Julai

Baba mdogo alikwenda kuikagua brauni baada ya ibada. Akachukua mchanga kidogo, akaunusa, akafumba macho. Akarudi nyumbani polepole. Alisema ananusa nyumbani kwa mama yake. Akauliza nani hapa ametoka Kyela na debe.

Nilianza kueleza nadharia. Akainua mkono.

Bwana Hollis amesema ushindi unabaki: uwanja ulikuwa mgumu kwa wote, na aliyeuweza ameuweza. Lutengano amekuja kumpa Tusekile mkono, kiume, akamwuliza kwa sauti ya chini huo mguso alifundishwa na nani. Tusekile akasema na ua.

Hukumu yangu: nitachimbua brauni ya tisa yote kwa jembe na kuleta mchanga mpya. Nitakula maharage makavu mpaka debe jingine lije. Na kila asubuhi, pamoja na Tusekile, kikapu kizima cha ndulele, bila kitabu. Kitabu kimetumika kuwasha moto wa uji. Paka alikuwepo.

Baada ya kula nilimwambia Tusekile kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, dada, kama mikono yote miwili ingekuwa imeshika fimbo, birika ungelibeba na nini?

Jumatano, 25 Julai

TA.

Mkono wangu. Leo, saa kumi na mbili na robo, ndulele zilipokwisha Tusekile akaweka mpira wa kweli, akasema piga tu, usifikiri, unaniudhi ukifikiri. Mikono yangu imechubuka, mabega yanauma, nilikuwa nimechoka hata kukumbuka kidevu kiko wapi. Nikapiga.

Hauna uzito. Hicho ndicho wasichokuambia. Sauti inatoka, na mikononi hakuna kitu, kana kwamba mpira ulikuwa unangoja ruhusa tu. Ulipita banda, ukapita mikaratusi, ukaenda njia ya Chunya. Ng'ombe aliinua kichwa. Nilisimama na fimbo begani, nikalia kidogo. Baridi huleta machozi.

Tusekile alisema ameanza kuitarajia sauti hiyo tangu juzi. Kwamba kwa siku kumi nimepiga ndulele zaidi ya elfu, na kwamba mguu wangu wa kushoto umeacha kukimbia.

Sikumbishia, ni mshindi. Lakini mimi ni mtu wa kuchunguza sababu. Leo nilikuwa nimevaa soksi za Baba mdogo, zile za kijivu, kwa sababu zangu hazijakauka. Siku nyingine zote sikuzivaa. Jambo liko wazi. Nimezificha chini ya godoro.

Ijumaa, 27 Julai. Ndani ya basi, Chimala.

Tunakwenda Iringa. Tusekile atashindana kesho na Apolonia, binti wa kijiji cha Kalenga, ambaye inasemekana hupiga mipira mia mbili kila siku kabla ya kwenda shambani. Mimi ni kedi wa Tusekile. Nimebeba mfuko wa fimbo sita za kweli magotini, sikukubali uwekwe juu. Nimevaa soksi.

Tusekile amelala begani kwangu. Anatetemeka kila basi likiruka shimo, halafu anatabasamu usingizini. Hana wasiwasi hata kidogo. Alisema atacheza kama anavyocheza nyumbani, basi. Baba mdogo naye alimwambia hahitaji kitu kingine. Nawapenda wote wawili, lakini ndivyo wasemavyo watu ambao hawakusoma jiografia.

Mimi nimefikiri. Kosa la Mbeya halikuwa mpango. Mpango ulikuwa mzuri. Uliangushwa na mwinuko. Na Iringa, kwa ramani ya darasa la nane, iko chini ya Mbeya kwa futi mia kadhaa. Chini maana yake joto. Joto maana yake hayagandi. Nilimwuliza dereva kama Iringa asubuhi kuna baridi, akasema ananionea huruma. Huyu ni dereva tu.

Jioni hii, tukifika, nitaomba kwa adabu kuwasaidia watunza brauni wa huko. Tusekile nitamwambia asubuhi: nguvu mara tatu.

Nilikuwa nimekusudia kulitafakari jambo hili njia nzima, kwa haki, pande zote mbili. Lakini nikiwa mkweli katika daftari langu, debe jipya alilotuma mama liko juu ya paa la basi tangu alfajiri, nimelifunika mkeka na kuliandika ASALI.